Miezi mitatu ya kwanza: nilificha mimba nikidhani ninailinda

MamaNdosho (Goma)

Naandika haya nikiwa wiki ya 14. Leo asubuhi nimekunywa chai ikakaa tumboni, mara ya kwanza tangu mimba hii ianze kunisumbua. Nimeona niandike kabla sijasahau, maana sisi wanawake tunasahau haraka. Mtoto akishalia, yote yanafunikwa na furaha, na mdogo wako anayefuata anateseka bila kuambiwa kitu.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki 8 hivi volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye tukaambiwa tutoke mjini. Tulitembea kwa miguu hadi Sake, godoro kichwani. Aliyejua nina mimba ni bwana wangu peke yake, naye alikuwa safarini Butembo. Mama alinilea na neno moja: mimba changa haitajwi, itajitaja yenyewe. Tukalala kanisani, watu wamebanana mguu kwa mguu. Usiku nikatapika. Alfajiri nikatapika tena. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ana kipindupindu," na watu wakavuta mikeka yao, wakasogea. Nilibaki katikati ya ile nafasi waliyoniachia, na bado sikusema.

Siku ya tatu mama mmoja mzee aliyekuwa anauza mahindi barabarani alinitazama, akainama, akaniuliza polepole, "Ni ya miezi mingapi?" Nililia pale pale. Akanipa hindi la kuchoma lililokwisha kupoa, akaniambia nitafune punje moja moja nikiwa bado nimelala, kabla sijanyanyua kichwa. Ndicho chakula cha kwanza kilichokaa tumboni kwa siku tatu. Mtu asiyenijua alinisaidia kuliko ndugu zangu wote waliokuwa mita mbili kutoka kwangu, kwa sababu ndugu zangu hawakuwa na la kusaidia. Sikuwaambia.

Mara hii nilipokosa siku zangu na kipimo kikasema ndiyo, nilimwambia bwana siku ileile. Juma lililofuata nikamwambia wifi yangu, tunakaa naye parseli moja, yaani kiwanja kimoja. Hao wawili tu.

Sasa, mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nanunua soko la Kituku alfajiri, nakaanga, jioni nauza huku Ndosho. Mnaelewa maana yake. Harufu iliyonilisha miaka sita ikanigeuka wiki ya 6. Nilijikaza siku nne: kitambaa puani, maji ya limau kwenye kitambaa, kugeuza uso kila mafuta yanapochemka. Siku ya tano nilitapika mbele ya wateja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba harufu haipigwi kwa kujikaza. Inakimbiwa. Tukabadilishana na wifi: yeye akashika Kituku na kikaango, mimi nikashika viazi vyake na hesabu za wote wawili. Tulikubaliana hadi mimba ikomae kidogo. Kama ningekuwa nimeficha, ningemwomba hilo kwa sababu gani?

Jiko la makala (makaa) tulilitoa mlangoni tukaliweka nyuma ya nyumba, upepo usilete moshi ndani. Chakula cha moto kilinishinda kwa mvuke wake, kwa hiyo nilikula kilichopoa: viazi vilivyochemshwa jana yake, mkate mkavu, parachichi na chumvi. Kidogo kidogo, kila saa mbili hivi, hata usiku nikiamka kukojoa (na utaamka, usiku mzima). Tumbo tupu ndilo adui mkubwa. Wengi wanaacha kula wakidhani hawatatapika, kumbe ndipo nyongo inapanda. Nikila sinywi, nikinywa sili. Nusu saa katikati. Chai ya tangawizi watu wanaisifu, mimi ya moto ilinitoa machozi, lakini tangawizi mbichi iliyopondwa ndani ya maji baridi ya marakuja (pasheni) ilinisaidia kweli.

Na jamani, wanaokiita kichefuchefu hiki shida ya asubuhi hawajaniona saa moja jioni.

Usingizi: nililala mchana kama mtoto mchanga na nikajiona mvivu, mpaka muganga wa CPN (kliniki ya wajawazito) akaniambia mwili unatengeneza kondo la nyuma na damu mpya kwa wakati mmoja. Choo kigumu: maji, papai, maharagi, kutembea. Moto, yaani pikipiki, juu ya mawe ya lava: nilimwambia motari aende kama amebeba mayai, na siku mbaya nilitembea kwa miguu.

Nyinyi mlipitaje? Msinitajie majina ya dawa tu. Nielezeni nyumba ilijipangaje.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Asante yaya, dada yangu mkubwa, kwa kuandika. Mimi ni mimba ya kwanza, wiki ya 8. Kichefuchefu navumilia. Shida yangu ni mate. Yanajaa mdomoni kila dakika, mazito, na nikiyameza moyo unachafuka zaidi. Natembea na chupa ndani ya mfuko, nimeifunga kitambaa isionekane. Nafundisha darasa la tatu, na kila baada ya mistari miwili ubaoni natoka nje kutema. Watoto wameanza kuuliza kwa nini Madamu anatoka. Mkuu wa shule ananiangalia kwa jicho ambalo silipendi. Anayejua ni bwana wangu tu. Je, huu ni ugonjwa?

Muuguzi_Himbi (Goma)

Mwalimu, pole sana. Si ugonjwa. Mate mengi huja pamoja na kichefuchefu cha mimba changa na kwa kawaida huondoka nacho. Dawa ya kuyakausha ambayo ningekuandikia kwa moyo mweupe sina. Tema, usimeze kwa aibu. Tafuna kitu kikavu au nyonya kipande cha limau, na kunywa maji kwa mafunda madogo madogo siku nzima, kwa sababu hayo unayotema ni maji ya mwili wako. Ukitapika, suuza mdomo kwa maji kwanza, usikimbilie mswaki; asidi ya tumbo hulainisha meno, subiri nusu saa.

Niseme kuhusu chanzo, maana wakwe na mabwana wanakuja kwetu wakisema "anajidekeza". Mwaka 2023 jarida la sayansi Nature lilichapisha utafiti kuhusu homoni inayoitwa GDF15. Kondo la nyuma huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, inafika kwenye ubongo na kuamsha kichefuchefu. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kidogo ya homoni hiyo kabla ya mimba ndiye inayempiga zaidi. Ndiyo sababu ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anatapika miezi mitatu na mwingine anacheza ngoma. Tabia haina sehemu hapo. Kwa wengi huanza karibu wiki ya 6, hukaza kuelekea wiki ya 9, hulegea kati ya 12 na 16. Wachache hufika 20.

Tangawizi ni salama kwa kiasi cha chakula. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, husaidia wengi, na muganga anaweza kuongeza dawa ya doksilamini ikishindikana. Lakini usiingie farmasi ukaomba "dawa ya kutapika" bila kusema una mimba. Kuanzia 1957 dawa iitwayo thalidomidi iliuzwa Ujerumani, kisha nchi nyingi, na wajawazito wakaimeza kwa kichefuchefu hiki hiki. Ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, ilikuwa imeacha watoto zaidi ya 10,000 waliozaliwa na viungo pungufu. Muuzaji hawezi kuilinda mimba asiyoijua.

Na vidonge vya chuma na asidi foliki msivitupe. Kama vinakutapisha, vimeze usiku pamoja na chakula. Vikishindikana kabisa, rudi CPN uombe foliki peke yake kwa muda, chuma kitafuata ukipata nafuu. Foliki ndiyo isiyongoja, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufungwa mapema sana, wakati wengi bado wanaficha.

MamaWaSaba

Watoto wangu, nawasoma. Nimezaa saba. Huyo wa mate, mbona hakuna anayemwambia udongo? Sisi tulitafuna udongo mweupe wa sokoni, mate yanakauka na moyo unatulia. Kila mama wa meza pale sokoni alikuwa na kipande kwenye pindo la kitenge. Msiwadharau mama zenu.

Muuguzi_Himbi

Mama, sikudharau, na najua kweli unatuliza kwa dakika chache. Lakini nikiwa kazini naona upande wa pili. Udongo unakamata madini ya chuma tumboni kabla damu haijayachukua. Unafunga choo kilichokwisha kufunga. Unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una risasi ndani yake, ile metali, inayopita hadi kwa mtoto. Hamu kubwa ya udongo yenyewe mara nyingi inatembea pamoja na upungufu wa damu. Anayeitamani mno asigombezwe, apimwe damu.

MamaWaSaba

Nimekusikia. Kwa wa nne niliishiwa damu, nikatiwa chupa mbili siku ya kujifungua. Hakuna aliyeniuliza kuhusu udongo, na mimi sikujua kama ni jambo la kusema. Basi, Mwalimu, chukua limau.

Motari_wa_Majengo

Samahani kuingia kwenye mambo ya mama. Bibi yangu ana wiki 7, ni mtoto wetu wa kwanza. Hataki nimsogelee. Anasema nanuka. Mimi natoka kazini naoga, nabadilisha nguo, napaka mafuta mazuri, bado anageukia ukuta. Juzi alitoka kulala sebuleni. Nimeanza kufikiri labda hanitaki tena. Nisaidieni kuelewa.

MamaNdosho

Shemeji, umefanya vizuri kuuliza, wengi hununa tu. Hajakukataa. Pua yake sasa haivumilii harufu unazozivumilia wewe. Petroli iko kwenye koti, kwenye viatu, kwenye kucha. Na hayo mafuta mazuri ndiyo yanayomuua zaidi! Acha manukato yote, oga kwa sabuni isiyo na harufu, koti na viatu vibaki nje. Fungua dirisha usiku. Msilale uso kwa uso, pumzi yenyewe inatosha kumchafua moyo, hasa ukila sombe yenye vitunguu. Bwana wangu alilala kichwa upande wa miguu yangu karibu mwezi mzima, na tunapendana.

Nikuulize moja. Nani anachota maji hapo kwenu?

Motari_wa_Majengo

Yeye. Bidoni mbili asubuhi, moja jioni.

MamaNdosho

Lita 20 mgongoni, tumbo tupu, juu ya mawe, na kizunguzungu cha mimba. Wewe una moto. Bidoni nne zinaingia.

Motari_wa_Majengo

Kuanzia kesho.

Dada_Mabanga (Goma)

Niongeze langu, kwa sababu nasoma "vumilia" nyingi na mimi kuvumilia kulikaribia kunimaliza. Kutoka kilo 58 hadi 52 ndani ya wiki tatu. Hata maji hayakukaa. Kila mtu akasema ni kawaida, subiri. Nikaenda duka moja la dawa, sikusema nina mimba, nao hawakuniuliza wala hawakunipima. Wakasema malaria, wakanipa kwinini. Masikio yakavuma kama niko ndani ya ngoma na nikatapika mpaka damu kidogo. Siku ya pili sikukojoa kuanzia asubuhi hadi usiku. Jirani ndiye aliyenibeba hospitalini. Malaria haikuwepo. Walipima mkojo, wakaniambia mwili ulikuwa umeanza kula mafuta yake wenyewe. Nililala siku nne. Mtoto yupo, ana miaka miwili sasa, lakini ningeambiwa mapema mpaka uko wapi nisingefika pale.

Muuguzi_Himbi

Asante dada kwa kusema, na pole. Mpaka ni huu. Maji hayakai tumboni kwa siku nzima. Mkojo ni mweusi kama chai kavu, au hautoki kwa saa nane. Unasimama unaona giza. Kilo zinashuka, na ukipoteza moja kwa kila ishirini ulizokuwa nazo ni nyingi tayari. Usisubiri wiki ya 12 ikuokoe. Damu ukeni, au maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, hata kama damu haipo: nenda usiku huohuo, kwa sababu mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Homa pia. Malaria kwa mjamzito inatibiwa haraka sana, ila baada ya tone la damu kupimwa. Kwinini huchafua moyo hata wa mtu asiye na mimba.

Kabla hujafika kituoni, kama mafunda madogo yanakaa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko 6 vidogo vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Funda moja kila dakika chache, lisizidi.

Na kitu kimoja kwa familia zinazokimbilia serumu, yale maji ya kutiwa mshipani. Aliyetapika wiki nyingi ameishiwa vitamini B1. Akipewa sukari nyingi mshipani kabla ya kupewa B1, ubongo unaweza kuumia. Mnaruhusiwa kuuliza kwa heshima: "Muganga, amepata B1?" Hatukasiriki. Au tusikasirike.

Msomaji_Keshero

Nimesoma yote na nashukuru, ila kwa MamaNdosho sikubaliani. 2023 niliwaambia shangazi zangu wawili nikiwa wiki ya 7. Wiki ya 10 ikatoka. Tangu hapo nimejua kwa nini mama zetu walinyamaza. Sasa nina nyingine, wiki 9. Natapika chooni nikimwaga maji ya ndoo ili wasisikie. Naona ni afadhali hivi.

MamaNdosho

Dada, nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu. Pole kwa huyo wa wiki ya 10. Sitakuambia usahau.

Sikusema tutangaze sokoni. Nami naogopa macho ya watu, nimezaliwa hapa hapa. Nasema mtu mmoja. Mmoja tu anayekaa karibu nawe kiasi cha kusikia ukianguka. Sisi tunaficha miezi ileile ambayo mwili ndio unahitaji mtu zaidi, halafu tunatangaza mwezi wa tano wakati tunaweza kubeba bidoni wenyewe. Na hata ikitokea mbaya, Mungu apishe mbali, wa kukushika mkono atakuwepo. Mara ile ulikuwa na shangazi wawili. Walikuja?

Msomaji_Keshero

Walikuja. Mmoja alilala kwangu juma zima, alinifulia mashuka.

Muuguzi_Himbi

Dada wa Keshero, nikuambie ninachojua. Takriban nusu ya mimba zinazotoka mapema, pengine zaidi, ni kwa sababu chembe za kurithi za mtoto hazikugawanyika sawasawa tangu siku ya kutunga. Ilikuwa imeamuliwa kabla hujafungua mdomo. Maneno yako hayakuifanya, wala bidoni, wala jicho la mtu. Njoo CPN sasa, usingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mara nane kwa mimba moja, ya kwanza kabla ya wiki 12. Ukisema kilichotokea 2023 utaangaliwa kwa makini zaidi. Muganga amefundishwa kunyamaza, siri yako itabaki hapo.

Mwalimu_Kadutu

Nimerudi baada ya juma moja. Nilimwambia mkuu wa shule. Niliogopa sana, nilisimama ofisini na chupa yangu mkononi. Akasema, "Madamu, mimi nilitema hadi mwezi wa tano kwa mapacha wangu. Nilidhani hutaki kazi." Amenipa kiti karibu na mlango, na saa ya kwanza darasa linashikwa na mwenzangu. Mate yapo palepale. Limau linasaidia kidogo, mama wa saba, asante.

Motari_wa_Majengo

Amerudi kitandani. Kichwa upande wa miguu.

Msomaji_Keshero

Nilikaa kimya siku hizi, mnisamehe. Juzi jioni nilimwambia mama mkwe, tuko naye nyumba moja. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu akaendelea kuchambua lenga-lenga. Nikajuta usiku kucha. Alfajiri nimeamka nikakuta kando ya kitanda sahani yenye viazi viwili vilivyochemshwa, vimeshapoa, vimefunikwa na kitambaa.